Ruwenzori: Safari ngumu ya kufika kilele cha Marguerite, na barafu inayozidi kuisha

Kilele kirefu kuliko vyote nchini Congo kiko wilayani Beni, Kivu ya Kaskazini. Kinaitwa Marguerite, kina mita 5,109, na kinasimama kwenye mpaka na Uganda, ndani ya milima ya Ruwenzori. Katika Afrika nzima, Kilimanjaro na mlima Kenya pekee ndiyo inayokipita. Wakonjo, wanaoishi pande zote mbili za mpaka, huiita theluji yake nzururu.

Kwa upande wa Congo, safari huanzia Mutwanga, ndani ya hifadhi ya Virunga, na huchukua siku kadhaa. Siku ya kwanza ni kupanda msitu hadi nyumba ya wapandaji ya Kalonge, kwenye mita zaidi ya 2,100. Ya pili ni mianzi, mizizi yenye kuteleza na matope hadi Mahangu, karibu mita 3,300. Kutoka hapo hadi Kiondo, karibu mita 4,200, miti inapungua na lobelia kubwa zinatokea.

Juu zaidi ndipo kazi inakuwa nzito. Mpandaji huvaa viatu vyenye meno ya chuma, hushika shoka dogo la barafu na kufungwa kamba pamoja na wenzake, kwa kuwa barafu ina mianya ya kumeza mtu. Kwenye kilele, hewa ina karibu nusu tu ya oksijeni inayopatikana kandokando ya bahari. Anayeumwa sana kichwa, kutapika au kuyumba anapaswa kuteremshwa mara moja, hata kama kilele kinaonekana.

Mtu wa kwanza anayejulikana kufika huko ni Luigi Amedeo, mtawala mdogo wa Abruzzi kutoka Italia, tarehe 18 Juni 1906, akipitia Uganda. Alikipa kilele jina la malkia Margherita wa nchi yake. Mwaka 1932, Wabelgiji wakiongozwa na Xavier de Grunne walichunguza upande wa Congo.

Mwaka 1906, barafu ya Ruwenzori ilifunika karibu kilomita za mraba 6 na nusu. Kufikia 2003, ilibaki chini ya kilomita moja ya mraba, na bado inapungua kwa sababu ya joto la dunia. Mahali ambapo wapandaji wa zamani walikanyaga barafu, leo wanakuta jiwe tupu lenye kuteleza.

Watu wengi wanafikiri kwamba barafu ikiisha, mito itakauka. Watafiti waliopima mito upande wa Uganda walikuta kwamba maji yake yanatoka hasa kwenye mvua. Barafu inachangia kidogo sana. Kwa hiyo msitu unaohifadhi mvua hiyo ndio wa kulindwa kwanza.

Hasara iliyo karibu ni ya kazi. Mashambulizi ya waasi wa ADF katika Beni yamefukuza watalii, na wapandaji wengi hupitia Uganda. Waongozaji na wapagazi wa Mutwanga, wanaoijua njia hii, wamekosa kipato chake. Amani ikichelewa sana, watakaowafuata watapandisha wageni kwenye kilele kisicho na barafu.