Ngeli kwa Ngeli

Voisi noti ya kwanza ya yule msee wa Glasgow niliiskiza mara sita. Nilikuwa nimekaa kwa ngazi za ploti yetu hapa Umoja, juu hapo ndio netiweki hushika poa, simu nimeibandika kwa skio. Kila sentensi alikuwa anarusha neno "wee". Mi nikajua ananiita. Huku ukiskia "wee!" lazima ugeuke. Kumbe kwao Scotland "wee" ni kitu kadogo: kakombe, kamtoi, kadakika kamoja. Nilimuuliza kwa meseji, akanijibu na voisi noti ingine, pole pole, neno kwa neno, bila kunicheka. Hapo ndio niliamua huyu ndiye nitakuwa nabonga na yeye.

Sikuwa nimeingia kwa programu ya kubadilishana lugha kutafuta beshte. Nilikuwa natafuta ngeli ya kuongea. Kizungu nimesoma tangu nasari, KCSE nikapita, muvi naziangalia bila kusoma maandishi ya chini. Lakini mwaka jana niliitwa intavyu ya job ya kupokea simu za wateja. Nikakaa mbele ya mathe mmoja ameshika kalamu, akaniambia nijieleze. Majibu yote nilikuwa nayo kwa kichwa. Ulimi ikakataa. Nilitoka tao na miguu hadi Jogoo Road, mat zinanipita, najiuliza miaka kumi na mbili ya shule ilienda wapi.

Mi naona ilienda kwa disk. Shule ya msingi nilisomea ilikuwa na kipande cha mbao kimefungwa kamba. Ukipatikana umebonga Kiswahili ama lugha ya nyumbani, unavalishwa kwa shingo, na unazunguka nayo hadi uskie mwingine ameteleza umpatie. Jioni wote wenye waliivaa wanachapwa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika hii stori kitambo, kwa Decolonising the Mind ya 1986, akikumbuka shule za wakati wa mkoloni. Mi niliivaa miaka ya 2000. Lugha ukifunzwa na kiboko, ulimi hukumbuka kiboko kabla ikumbuke neno.

Beshte yangu ndio alinionyesha hizi programu: HelloTalk, Tandem, ziko kadhaa. Form ni rahisi. Unaandika lugha unajua na lugha unataka, inakutafutia mtu mwenye mambo yake ni kinyume na yako, mnabadilishana, hakuna kulipana. Tandem ni jina ya ile baiskeli ya watu wawili, kila mtu na pedali zake. Shika hiyo picha vizuri. Mmoja akiacha kukanyaga, mwenzake sasa anabeba mzigo.

Sisi tulikubaliana Alhamisi: nusu saa Kizungu, nusu saa Kiswahili, na muda ukiisha tunabadilisha hata kama stori imefika patamu. Wiki ya kwanza nilimwambia tupatane saa mbili usiku. Nilingoja hadi bando ikaisha. Kumbe msee ameweka alamu ya saa nane, ameamka gizani, amenikosa. Alijua mbili ni mbili, na hakuna mtu alikuwa amemwambia sisi hesabu ya saa tunaianza jua likitoka. Nilimchorea saa kwa karatasi, nikapiga picha nikamtumia. Yeye pia akanipanga na yake: Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba wao husongesha saa, kwa hivyo kati yetu ni masaa mawili kukiwa na joto kwao, matatu kukiwa na baridi.

Kuna vitu hakuna ticha aliwahi kuniambia. Siku moja aligonga kidole ya mguu kwa meza tukiwa kwa simu, nikamwambia "sorry". Akauliza, kwani ni wewe uliweka meza hapa? Hiyo swali nililala nayo. Mi nilikuwa nasema "pole", lakini nimeivalisha nguo za Kizungu. "Sorry" yao mara mingi inatoka kwa mwenye amekosa. "Pole" yetu ni ya mtu yeyote mwenye ameona umeumia, umechoka, ama umebeba kitu nzito. Nilipomweleza, aliiandika kwa kitabu yake, na siku hizi akiskia nimetoka job nimechoka, ananiambia "pole" na inaingia vile inafaa.

Makosa yangu pia zinajulikana. Nikibonga haraka nachanganya "he" na "she", juu kwetu "amekuja" ni ya chali na ya manzi. Hanikatizi. Anaandika makosa tatu pekee na ananipatia mwisho, nikiwa nimeshamaliza kusema yangu.

Alafu ikakuja ile siku ya ngeli. Aliniandikia, "Nisaidie na ngeli." Nikamjibu, si wewe ndio unafaa kunisaidia na ngeli? Huku mtaani ngeli ni Kizungu. Yeye alikuwa anamaanisha ngeli za Kiswahili: ki-vi, m-mi, zile ticha alikuwa anajaza kwa ubao na sisi tunasinzia. Swali yake ilikuwa moja: mbona kitabu inasema "kiti changu" na wewe unasema "kiti yangu"?

Nilikosa jibu. Hii lugha nimeiongea maisha yangu yote na sijawahi kuigeuza niangalie chini yake. Nikachukua kitabu ya sarufi ya sistangu mdogo nikaanza mwanzo. Hapo ndio niliona vile ile ki- inatembea sentensi nzima: kiti changu kizuri kimevunjika. Kila neno limevaa yunifomu ya kiti. Maze, ni kitu rembo. Na Sheng yetu, yenye imevua hiyo yunifomu ikaweka "yangu" karibu kila mahali, pia iko na sheria zake. Mtoi wa Kayole hajafunzwa na mtu na hazikosei.

Kumweleza hiyo tofauti kwa Kizungu ilikula nusu saa yangu yote. Nilipokata simu ndio nilishtuka: nimebonga ngeli dakika thelathini bila kukwama. Sikuwa nimejifunza maneno mapya hiyo wiki. Nilikuwa tu na kitu ya kusema, na mtu mwenye alikuwa anaihitaji. Kwa ile intavyu nilikuwa mtu wa kupimwa. Hapa nilikuwa mwenye mali.

Kiswahili yeye alikuwa anaitafutia mama mkwe. Bibi yake ni wa Voi, na mathe wake haongei Kizungu. Msee alitaka kumsalimia mwenyewe, bila kutafsiriwa. Nikakumbuka nimemfunza "niaje" na "form ni gani", nikaona hapa nitamchomea. Hiyo ni ya marika, si ya mkwe. Nikapigia shosh yangu. Akanipanga: aanze na shikamoo, angoje marahaba, alafu aulize za nyumbani, za mvua, za watoto, asikimbilie yake. Nilimpea hivyo hivyo. Jumapili akanitumia voisi noti, sauti inatetemeka. Mama aliitikia marahaba, akamwita mwanangu, akaongea dakika kumi mfululizo. Alishika kidogo tu. Moja alikuwa ameiandika vile aliiskia, imeshikana yote: "karibunyumbani". Nikamtenganishia.

Siku nilimpea stori ya disk, alinyamaza kwanza. Alafu akaniambia babu yake pia alichapwa shuleni juu ya kusema "aye" badala ya "yes". Scots, lugha ya kwao, kwa miaka mingi darasani ilichukuliwa kama Kizungu kimeharibika. Sensa ya Scotland iliuliza watu kama wanaijua kwa mara ya kwanza 2011. Ilibidi ingoje hadi 2025 ndio Bunge yao ikapitisha sheria ya kuipa hadhi rasmi, pamoja na Gaelic. Mi nilikuwa namwona yeye ndio mwenye Kizungu. Kumbe hata kwao kuna Kizungu ya ofisi na kuna lugha ya ngazi za ploti.

Sasa wewe mwenye unataka kuanza, skia. Anza na meseji, uingie voisi noti, simu ikuje mwisho. Hivyo bando inakaa na uoga inapungua. Usiseme tu "hai". Beba kitu: picha ya dishi umepika, methali, kelele ya soko yenu asubuhi. Mtu anarudi kwa mwenye ako na stori.

Na wakora wako. Mtu akikuambia anakupenda kabla ajue unaamka saa ngapi, hepa. Akitaka PIN ya M-Pesa, zile namba za siri zimeingia kwa simu yako, picha za mwili, ama akianza kukuuzia biashara ya kuzalisha doo, mbloki na umripoti. Mamanzi mnakatiwa huko kutushinda. Mabeshte zangu wa kike huandika mapema wanataka lugha pekee, na wengi huchagua mwanamke mwenzao. Hiyo si kuringa, ni kujichunga. Machali, tusikuwe hao watu. Na usimwombe mwenzako doo ya fare. Siku unaomba, umetoa miguu kwa pedali.

Wiki iliyopita sistangu alikuja kukaa na mi kwa ngazi. Alikuwa amepewa stori ya Kizungu ya kusoma kwa sauti, na alikuwa anaisoma mdomo umefichwa na kitabu. Nikamwambia aiweke chini, anipee hiyo stori kwanza na Sheng, vile angepea mbogi yake. Akaniambia yote, mikono hewani. Nikamwambia, sasa na Kizungu. Alichanganya "he" na "she" mara mbili. Nikaandika kwa karatasi, nikanyamaza, nikangoja amalize.