Luka naye aliandika sehemu ya pili



Ndugu msomaji, hivi karibuni mpwa wangu alinitembelea parokiani. Baada ya chai akatoa simu, akanisogezea. "Mjomba Padre, hatimaye wanaleta ya pili." Ilikuwa habari ya filamu ya katuni ya The Simpsons. Ya kwanza tuliitazama naye kwenye sebule ya dada yangu, yeye akiwa na miaka 10. Leo ni baba wa mtoto mmoja.

Akacheka, kisha akanyamaza kidogo. "Yule Bart bado ana miaka 10," akasema.

Kwa wasioifahamu, nieleze kwa kifupi. The Simpsons ni katuni ya Kimarekani kuhusu familia inayoishi katika mji wa kubuni uitwao Springfield. Baba ni Homer, mpenda bia na andazi, mvivu kazini. Mama ni Marge, mvumilivu. Watoto ni Bart mtundu, Lisa mwenye akili, na Maggie ambaye bado ananyonya chuchu ya plastiki. Mchoraji Matt Groening aliwapa wengi wao majina ya watu wa nyumbani kwake: baba, mama na dada zake. Walianza mwaka 1987 kama vipande vifupi ndani ya kipindi cha mtu mwingine. Desemba 1989 wakapata kipindi chao, na hadi leo vimerushwa zaidi ya vipindi 750. Mwaka 2007 ikaja filamu ya sinema, ikaingiza zaidi ya dola milioni 500 duniani. Mwaka 2025 ikatangazwa kuwa ya pili itatoka 2027.

Swali la mpwa wangu lilikuwa rahisi: kuna haja?

Huenda unashangaa padre anatafuta nini kwenye katuni. Familia hiyo, pamoja na vituko vyake, huenda kanisani kila Jumapili, jambo ambalo ni nadra katika tamthilia za Marekani. Mchungaji wao, Lovejoy, huhubiri hadi Homer anasinzia kwenye benchi. Mimi ninayehubiri kila wiki ninaijua sura ile ya msinziaji, na sicheki sana. Mwaka 2010 hata L'Osservatore Romano, gazeti la Vatikano, liliandika kwamba Homer na Bart ni Wakatoliki. Watayarishaji wenyewe walishangaa, maana hawakuwahi kuwapa dhehebu hilo.

Filamu ile ya 2007 ina mambo ya kutufundisha. Homer anatupa kinyesi cha nguruwe wake ziwani. Maji yanachafuka vibaya, na serikali inaufunika mji mzima kwa kuba kubwa la kioo. Kuba linaposhuka, waliokuwa kanisani wanakimbilia baa, na waliokuwa baa wanakimbilia kanisani. Ni mzaha, lakini ni mtihani wa imani yetu pia: siku ya hatari, miguu yako itakwenda wapi?

Homer anatoroka na familia hadi Alaska. Marge anapotaka warudi kuuokoa mji, Homer anakataa. Mkewe anaondoka na watoto, anamwachia ujumbe wa kumuaga, ameurekodi juu ya mkanda wa harusi yao. Hapo ndipo Homer, akiwa ameachwa na familia yake, anaelewa kwamba hawezi kujiokoa yeye bila wenzake. Anarudi, anauokoa mji, anapatana na mkewe. Ukiitazama kwa macho ya imani, hiyo ni toba: kosa, upweke, kuona ukweli, kurudi, kufidia.

Kisha ikafika zamu ya kipindi cha televisheni kuendelea, na Homer akawa yuleyule. Bia ileile, uvivu uleule, mke yuleyule wa kumvumilia. Alichojifunza Alaska hakikumfuata nyumbani.

Hiyo ndiyo sababu nilimjibu mpwa wangu kwamba haihitajiki. Si kwamba ni dhambi kuitengeneza. Filamu iliyoingiza fedha nyingi hivyo itapata ndugu, tutake tusitake. Hata wao walilitania hilo, maana mwishoni mwa ile ya kwanza kale katoto Maggie kanafungua kinywa na kutamka neno moja tu, kakiulizia mwendelezo. Lakini hadithi isiyokubali kuisha haiwezi kumruhusu mtu wake abadilike. Homer akitubu kweli, kipindi kimekwisha. Bart akikua, kipindi kimekwisha. Kwa hiyo kila wiki wanarudishwa mwanzo. Kifo pekee ndicho kimepenya: mwigizaji Marcia Wallace, aliyempa sauti mwalimu wa Bart, alipofariki mwaka 2013, mwalimu yule naye alistaafishwa kwa heshima. Mchoro hauzeeki, lakini anayeutolea sauti anazeeka.

Je, basi mwendelezo wowote ni kosa? Hapana. Mwinjili Luka aliandika sehemu ya pili. Aliandika Injili, kisha akamwandikia Teofilo yuleyule kitabu cha Matendo ya Mitume. Ona alivyofanya. Katika kitabu cha kwanza Petro anamkana Bwana mbele ya mjakazi, usiku, penye moto. Katika cha pili Petro huyo anasimama mbele ya baraza lililomtisha, na hanyamazi. Katika cha pili Sauli mtesaji anakuwa mtume. Hakuna anayerudishwa mwanzo. Luka aliandika tena kwa sababu Roho Mtakatifu alikuwa amefanya jambo jipya, na jambo hilo lilistahili kusimuliwa.

Yohane kwa upande wake alikiri mwishoni mwa Injili yake kwamba mambo ya kusimulia yalikuwa mengi kupita vitabu vyote. Hata hivyo akaweka kalamu chini. Yaliyotosha kwa imani yalikuwa yameandikwa.

Hicho ndicho kipimo changu kwa filamu ile, na kwa maisha yetu. Ndugu msomaji, wangapi tunaingia kwenye kitubio na orodha ileile, tunatoka tumefarijika, na Jumatatu tunarudi kuwa yuleyule wa kipindi kilichopita? Huo ni mrudio. Wongofu huacha alama ambayo wiki ijayo inaikuta.

Nami nina la kuungama. Baba wa mpwa wangu, yaani shemeji yangu, hakumsamehe mwanawe kwa kuacha chuo cha uhasibu na kufungua banda la kutengeneza simu. Kila Noeli ugomvi uleule uliwaka pale sebuleni, kwa maneno yaleyale, hadi wadogo wakaweza kuyatamka kabla hayajasemwa. Dada yangu angeleta pilau, wangenyamaza, na mwaka ujao tungeanza upya. Mimi, padre, ninayehubiri upatanisho, nilikaa katikati yao nikila. Mara ya mwisho nilimnong'oneza dada, "Pasaka nitawaketisha." Nilidhani kuna kipindi kingine. Shemeji alianguka kwa shinikizo la damu wakati wa Kwaresima, na Misa ya mazishi niliiongoza mimi.

Kijana hakuwahi kunilaumu. Siku ile ya simu alisema tu, akiirudisha mfukoni, "Sisi hatukupata ya pili, Mjomba." Sikuwa na jibu la kitaalimungu. Nilimwombea baba yake pamoja naye, nikamwomba msamaha. Nilipaswa kufanya hivyo miaka mitatu mapema.

Mhubiri anatukumbusha kwamba kila jambo lina majira yake, na wakati wa amani umo katika majira hayo. Springfield wanaweza kusubiri miaka 20, maana hakuna anayekufa huko isipokuwa waandishi wakipenda. Sisi tuna miili.

Basi leo, ukitoka Misa, kabla ya chakula cha mchana, mpigie yule uliyepanga kuketi naye Pasaka. Usimrudishie yale maneno ya kila mwaka. Anza na jipya, hata kama ni moja tu: nisamehe.

Nawatakia Dominika njema.