Kuosha Gari Bila Kuharibu Rangi Yake

Mkulima anayenunua pikapu ya kupelekea maziwa au kahawa kiwandani hutoa fedha nyingi, na yafaa aitunze. Wengi hudhani kwamba rangi huharibiwa na jua tu. Kumbe mara nyingi huharibiwa na yule anayeiosha.

Vumbi la barabara zisizo na lami lina chembe za mchanga. Kulisugua gari kwa kitambaa lingali kavu ni sawa na kulipiga msasa. Kwa hiyo liweke kivulini, mbali na mto, ungoje boneti ipoe. Kisha limwagie maji mengi kutoka juu mpaka tope lilegee na kuanguka lenyewe. Vijana hawapendi kungoja hivyo, lakini kazi yenyewe ni hapo.

Halafu tayarisha ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni, nyingine ya maji matupu. Kila mara suuza kitambaa katika maji matupu kabla ya kukirudisha katika sabuni; utauona mchanga chini ya ndoo. Sabuni ya unga ya kufulia haifai, ni kali, nayo huondoa nta inayokinga rangi. Tumia sabuni ya magari. Magurudumu yaoshwe mwisho, kwa kitambaa chao. Suuza gari lote, ukalikaushe kwa kitambaa laini, maana matone yakikauka huacha madoa.

Likiwa limebeba mbolea ya chumvichumvi au chumvi ya ng'ombe, lioshe siku hiyo hiyo, hasa pembe za nyuma na chini ya madigadi. Chumvi ikipata unyevu huharakisha kutu, nayo kutu hula bati chini ya rangi kabla mwenye gari hajaiona.