Nyota Zilizolipuka Pasipo Shahidi (Sehemu ya 4)

Mei 2025, wataalamu wakiongozwa na Miroslav Filipović wa Chuo Kikuu cha Western Sydney walitangaza mabaki mapya ya supanova, wakayaita Teleios. Ni mviringo hafifu mno, karibu kamili, ulionaswa na sahani 36 za darubini ya redio ya ASKAP, Australia Magharibi. Tulikuwa tukiyahitaji: orodha ya Dave Green wa Cambridge ina mabaki 300 na ushei katika Njia Nyeupe, ilhali yanatarajiwa kupita 1,000.

Wasomaji wa sehemu zilizotangulia wanajua jinsi redio inavyopenya vumbi linalozuia nuru. Vumbi hilo ndilo lililoificha supanova iliyoacha mabaki ya G1.9+0.3, karibu na kitovu cha galaksi. Ililipuka kiasi cha karne moja na kitu iliyopita, wala hakuna aliyeiona.

Supanova ya mwaka 1006 haikufichika, na hapa mniruhusu nikae kidogo. Ali ibn Ridwan, mtoto wa mwoka mikate wa Giza, Misri, alikuwa kijana wa miaka kama 18 hivi. Baadaye, akiwa tabibu mashuhuri wa Kairo, aliieleza katika sharhe yake ya kitabu cha Ptolemaio: jua lilikuwa nyuzi 15 za buruji ya Ng'ombe, na mgeni huyo nyuzi 15 za Nge, mkabala nalo. Ukubwa wake mara mbili na nusu hadi tatu ya Zuhura. Mwanga wake umepita kidogo robo ya ule wa mwezi. Akaongeza mahali pa sayari nyingine siku hiyo! Sisi wengi tungesema Mungu mkubwa, tukaenda kulala. Kumbukumbu za namna hiyo, pamoja na za Wachina, ndizo zilizowaongoza Gardner na Milne hadi kwenye mabaki yake mwaka 1965, kwa sahani ya Parkes yenye upana wa mita 64.

Sahani za namna hiyo zipo Afrika pia: Ghana imekwisha kugeuza sahani yake ya simu ya mita 32, pale Kuntunse, kuwa darubini ya redio (2017). Kenya nayo ni mshirika wa mradi wa darubini ya redio ya SKA, na Longonot kuna sahani zilizojengwa kwa simu za ng'ambo. Wanaokata bajeti wasiniambie kwamba vijana wetu hawana la kutazama.

Sehemu ijayo: mawingu ya nyota changa nayo hutoa mawimbi ya redio, basi huyatofautishaje na mabaki? Kwa joto la vumbi lake.