Istilahi za Uchapaji wa Picha Kubwa: Tatizo la "Ukubwa" na "Turubai"

Madhumuni ya makala haya ni kueleza maana ya istilahi chache zinazotumika katika kazi ya kuchapa picha za kidijitali juu ya kitambaa kipana, na kupendekeza namna ya kuzitumia katika hati za ofisi, katika tafsiri na darasani. Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni dogo na kwamba ni la mafundi peke yao. Lakini tutaonyesha kwamba neno moja lisilo na mpaka wa maana laweza kumnyima fundi malipo yake, kumtia mashakani mtumishi wa umma asiye na hatia, na kuipa ofisi kitu ambacho haikukiagiza.

Chanzo cha suala

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na hasa baada ya Dodoma kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ofisi zimeongezeka na mahitaji ya mabango, vibao na picha za ukutani yameongezeka pamoja nazo. Kazi za namna hii hufanywa na mafundi wa mjini, wakiwemo wa kata ya Makole.

Ofisi moja ilitaka picha ya kupamba ukumbi wake wa mapokezi. Picha iliyochaguliwa ilikuwa ya michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, ambayo pamoja na michoro mingine ya eneo hilo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Hati ya kuagizia ilikuwa imetafsiriwa kutoka Kiingereza, nayo ilisema hivi: "picha kubwa ya turubai, mita 2 kwa mita 1.5". Fundi wa Makole alipoleta kazi yake, palizuka mzozo. Kilicholetwa kilikuwa karatasi nene ya plastiki inayong'aa, yenye matundu pembeni ya kupitishia kamba, na michoro yenyewe ilionekana kama imefunikwa na ukungu. Wale watu wembamba waliochorwa kwa mistari myembamba ya rangi nyekundu walikuwa wamegeuka mabaka.

Mnunuzi wa ofisi alikataa kuipokea kazi. Fundi, kijana mwenye adabu, alimjibu: "Mzee, karatasi yenu imesema turubai, nami nimeleta turubai. Na picha mliyonipa ndiyo hiyo hiyo." Malipo yalikaa mezani kwa majuma kadhaa. Mwandishi wa makala haya alipoombwa kuisoma hati hiyo aligundua kwamba mfasiri hakukosea kwa kamusi, mnunuzi hakusema uongo, wala fundi hakuiba. Kosa lilikuwa ndani ya maneno mawili: "kubwa" na "turubai".

Ukubwa upi?

Picha ya kidijitali ni jedwali la nukta za rangi zilizopangwa kwa safu na kwa mistari. Kila nukta huitwa pikseli. Neno hili ni jipya hata katika Kiingereza: lilianza kuonekana katika maandishi mwaka 1965, nalo lilifinyangwa kwa kuunganisha kipande cha neno lenye maana ya picha na kipande cha neno lenye maana ya elementi. Kitu chenyewe kilitangulia jina lake. Mwaka 1957 mhandisi Russell Kirsch wa Marekani aliingiza katika kompyuta picha ya mwanawe mchanga, nayo ilikuwa na pikseli 176 kwa 176 tu, yaani chini kidogo ya 31,000. Simu ya mkononi ya siku hizi aghalabu hutoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani milioni 12.

Sasa, mtu asemapo kwamba picha ni "kubwa" aweza kukusudia mambo manne yaliyo tofauti kabisa.

Kwanza, aweza kukusudia idadi ya pikseli, kama tulivyoeleza hapo juu.

Pili, aweza kukusudia nafasi ambayo faili la picha linachukua katika kompyuta, ambayo hupimwa kwa baiti. Watumiaji wenyewe wamekwisha kulitatua jambo hili, kwani husema kwamba faili ni "zito" au ni "jepesi". Hatuoni sababu ya kubuni neno jingine. Uzito wa faili ni istilahi nzuri iliyozaliwa midomoni mwa watu. Izingatiwe tu kwamba uzito si kipimo cha hakika cha idadi ya pikseli, maana picha mbili zenye pikseli sawa zaweza kutofautiana sana kwa uzito kulingana na namna zilivyobanwa wakati wa kuhifadhiwa.

Tatu, aweza kukusudia upana na kimo cha picha ikishachapwa, ambavyo hupimwa kwa sentimita au mita. Hivi tunaviita vipimo vya chapa.

Nne, aweza kukusudia jinsi pikseli zilivyokaribiana katika chapa. Tunapendekeza jambo hili liitwe msongamano wa pikseli, nao utajwe kwa pikseli katika kila sentimita, au kwa inchi kama programu nyingi zinavyoonyesha.

Msongamano ndio uliolivuruga agizo la Makole. Picha asilia ilikuwa na pikseli 4,000 kwa 3,000. Lakini mpiga picha aliituma kwa simu, kwa njia ya ujumbe ambayo hupunguza pikseli ili picha isafiri upesi. Iliyomfikia fundi ilikuwa na pikseli 1,280 kwa 960. Mnunuzi aliona imejaa kioo chote cha simu yake, akaridhika kwamba ni kubwa.

Hesabu yake ni nyepesi, na mwalimu aweza kuifanya ubaoni. Tukiitandaza picha asilia katika upana wa mita 2, yaani milimita 2,000, kila pikseli hupata nusu milimita. Tukiitandaza ile iliyopunguzwa katika upana huo huo, kila pikseli hupata zaidi ya milimita moja na nusu. Jicho zima la binadamu, likiwa umbali wa mita 1, huweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban milimita 0.3, likiwa umbali wa mita 3 huhitaji takriban milimita 0.9. Mgeni aliyekaa mita 3 kutoka ukutani hawezi, basi, kuona pikseli za nusu milimita, bali ataona michoro iliyo safi. Lakini pikseli za milimita moja na nusu ataziona, na ingembidi arudi nyuma zaidi ya mita 5 ili kasoro imtoke machoni. Ukumbi wenyewe haukuwa na nafasi hiyo.

Hapa pana fundisho kwa wale wanaodai kwamba kila chapa sharti iwe na msongamano wa pikseli 300 kwa inchi. Kiwango hicho kinafaa kitabu kinachosomwa mkononi. Picha ya ukutani yaweza kutosheka na pikseli 50 kwa inchi, madhali inatazamwa kwa mbali. Kwa hiyo hati isiyotaja umbali wa kutazamia huwa imeacha nusu ya habari.

Yafaa pia kuonya juu ya neno kukuza. Zamani, katika chumba cha giza, fundi aliikuza picha kwa kuangaza nuru kupitia filamu. Leo programu ya kompyuta huweza kuongeza pikseli, lakini pikseli hizo ni za kukisia: programu hutazama nukta mbili zilizo jirani na kukadiria rangi ya katikati. Mstari uliokwisha kupotea haurudi kwa kukisiwa. Ndiyo maana kazi ya yule kijana haikuonyesha miraba, bali ilionyesha ukungu.

Mwisho, pikseli isichanganywe na kitone cha wino. Mashine ya kuchapa hurusha vitone vidogo mno vya wino, na huhitaji vitone vingi ili kuigiza rangi ya pikseli moja. Mashine yaweza kutangazwa kuwa hutoa vitone 1,440 kwa inchi, lakini sifa hiyo ni ya mashine, wala haiongezi chochote katika picha iliyo maskini ya pikseli.

Turubai, kanvasi na bango

Neno la pili lililoleta mzozo ni turubai. Kamusi hulitaja turubai kuwa kitambaa kizito cha kufunikia mizigo au kutengenezea mahema. Kwa Mtanzania wa leo turubai ni kile kinachofunika lori lenye magunia ya mahindi, na kile kinachosimamishwa uani penye arusi au msiba. Ni kitu cha kuzuia jua na mvua, na siku hizi aghalabu ni cha plastiki. Basi fundi aliposoma "turubai" alichukua ile plastiki yenye nyuzi ndani yake ambayo hutumiwa kwa mabango ya nje, na ambayo mafundi huiita fleksi.

Kumbe hati ya Kiingereza ilikusudia kitambaa cha pamba au cha nyuzi za polista, kilichopakwa tabaka jeupe la kupokea wino, ambacho baada ya kuchapwa huvutwa na kupigiliwa juu ya fremu ya mbao kama kile wanachotumia wachoraji. Vitu hivi viwili havifanani kwa bei, kwa uso wala kwa matumizi. Kimoja hung'aa na hustahimili mvua. Kingine hakirudishi mwanga wa taa machoni, lakini kinataka kuwa ndani ya nyumba.

Kiswahili hakijawahi kuwa kivivu katika kutofautisha vitambaa. Wazee wetu walikuwa na marekani, bafta na kaniki, na hakuna mwenye duka aliyempa mteja kaniki alipoomba bafta. Marekani iliitwa hivyo kwa sababu ililetwa na merikebu za Wamarekani katika karne ya 19, na jina hilo lilidumu kwa kuwa lilitofautisha. Kwa kufuata mwenendo huo huo tunapendekeza kanvasi iwe istilahi ya kitambaa cha kuchapia au kuchorea picha. Turubai libaki na kazi yake ya kufunika na kutia kivuli. Na ile plastiki ya matangazo iitwe plastiki ya bango katika hati, hata kama karakanani wataendelea kusema fleksi.

Twafahamu kwamba wapo watakaolaumu kwa nini tumekopa. Tunawakumbusha kwamba tarakilishi na ngamizi yalipendekezwa kwa ajili ya kompyuta. La kwanza limepata makao zaidi nchini Kenya, la pili halikushika, na kompyuta ndilo linalotawala Tanzania. Istilahi haipimwi kwa ukoo wake tu, bali pia kwa kazi inayofanya na kwa watu wanaokubali kuitumia. Aidha, si kila neno la kigeni lafaa kupokelewa. Mwaka 1991 mchapaji Jack Duganne wa California alibuni neno giclée, kutokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kurusha maji, ili picha zilizochapwa kwa mashine ya kurusha wino zisidhaniwe kuwa kazi duni ya kompyuta. Neno hilo lilikusudiwa kupandisha heshima ya bidhaa, si kumweleza mnunuzi aina ya wino au kitambaa. Mfasiri akikutana nalo aeleze kinachofanyika: picha iliyochapwa kwa kurusha wino.

Kusafisha, kuchapa na kuchapisha

Watu wengi husema "kusafisha picha" wakikusudia kuitoa juu ya karatasi. Neno hili lilitoka katika chumba cha giza, ambako karatasi ilipitishwa katika dawa na hatimaye ikaoshwa kwa maji. Siku hizi hakuna kinachooshwa. Hatumlaumu asemaye hivyo, maana lugha huhifadhi kumbukumbu ya kazi zilizopita. Lakini katika hati ya ununuzi "kusafisha" kwaweza kufahamika kuwa ni kuondoa doa. Tunapendekeza kuchapa kwa tendo la kutia wino, na kuchapisha kuachwe kwa tendo la kutoa kitabu au gazeti kwa umma. Picha yaweza kuchapwa bila kuchapishwa, na tofauti hii ni muhimu hasa inapohusu haki za mpiga picha.

Mapendekezo

Hati ile ya Makole ingaliweza kuandikwa hivi:

"Picha moja ichapwe juu ya kanvasi na kuvutwa juu ya fremu ya mbao. Vipimo vya chapa: upana mita 2, kimo mita 1.5. Picha asilia yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 itatolewa na ofisi. Umbali wa kutazamia: mita 3. Fundi aonyeshe kipande cha majaribio kabla ya kuchapa picha nzima."

Sentensi hizo tano hazikuhitaji utaalamu mkubwa. Zilihitaji tu kwamba kila neno libebe mzigo mmoja. Mambo yalisuluhishwa hatimaye: picha asilia ilipatikana, fundi akalipwa kwa kazi ya kwanza kwa kuwa alitimiza maneno aliyopewa, na kazi ya pili ikaagizwa upya. Ofisi ililipa mara mbili kwa ukuta mmoja.

Tunawaomba walimu wa hisabati na wa Kiswahili waijaribu hesabu ya pikseli darasani, na watumishi wanaoandaa hati za ununuzi wazijaribu istilahi hizi kazini. Tunawaomba hasa mafundi na wale wanaoshirikiana nao watuarifu maneno wanayotumia karakanani, maana neno uzito tulilipata kwao, na huenda yako mengine yaliyo bora kuliko haya tuliyoyapendekeza.