Fahamu: Andrew Young, mchungaji aliyekuwa balozi wa Marekani UN

Andrew Young alizaliwa New Orleans mwaka 1932. Akiwa mchungaji kijana huko Thomasville, Georgia, aliwahimiza Wamarekani Weusi wajiandikishe kupiga kura, na baadaye akawa msaidizi wa karibu wa Martin Luther King, kiongozi wa harakati za haki za raia.

Juni 1964, mjini St. Augustine, Florida, aliongoza maandamano ya usiku. Wabaguzi walimpiga mpaka akaanguka. Akainuka, akaendelea kutembea, akapigwa tena mbele kidogo, na hakurudisha hata ngumi moja. Ukitaka kumwelewa Young, anzia hapo.

Mwaka 1972 alichaguliwa mbunge, Mweusi wa kwanza kutoka Georgia kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter akamteua balozi katika Umoja wa Mataifa, na Februari mwaka huohuo alifika Tanzania kuzungumza na Mwalimu Julius Nyerere. Suala kubwa lilikuwa utawala wa Wazungu wachache huko Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Kwa Afrika hiki ndicho kipindi chake muhimu zaidi, kwani alisikiliza viongozi ambao Washington ilikuwa imezoea kuwapuuza.

Agosti 1979 alijiuzulu baada ya kubainika kwamba alikutana na mwakilishi wa Chama cha Ukombozi wa Palestina (PLO), jambo lililokatazwa na sera ya Marekani. Kwa maoni yangu, aliadhibiwa kwa kufanya kazi ya kidiplomasia: kuongea na mahasimu.

Siasa hakuziacha. Aliongoza jiji la Atlanta kama meya kuanzia 1982 hadi 1990.