Istilahi za Kamba na Ufungaji katika Kiswahili

Makusudi ya makala haya ni kuchunguza msamiati wa kamba, na kuonyesha kwamba fani hii, ingawa hudharauliwa, yaweza kutufunza mengi juu ya uundaji wa istilahi.

Tuanze na mfano wa mbali. Wajapani wana sanaa ya kufunga kwa kamba mwili wa mtu aliyeridhia. Huiita shibari, neno litokanalo na kitenzi shibaru, yaani 'kufunga'. Jina lake la pili, kinbaku, lamaanisha ufungaji wa kukaza. Kamba yenyewe ni nawa tu. Kwa hiyo, kitenzi cha kila siku kimepewa kazi maalumu.

Pwani yetu ina utajiri kama huo. Mnarani, ng'ambo ya kusini ya hori ya Kilifi, ni mji wa kale ulioishi kwa bahari, na bahari haisafirwi bila kamba. Makumbi ya nazi yalifukiwa yakaoza, yakapondwa, na usumba wake ukasokotwa. Kwa kamba hiyo mitepe ilishonwa pasipo msumari. Chomboni kila kamba ilikuwa na jina kwa kadiri ya kazi yake: henza ni kamba nene ya kutwekea foromali, jarari ni ile ipitayo katika kapi ili kuivuta henza, demani huongoza pembe ya nyuma ya tanga, dasi hushonewa ukingoni mwa tanga, amari hushika nanga. Nahodha aliyeamrisha 'kamba' tu angaliuhatarisha uhai wa mabaharia wake.

Yafaa tutambue kwamba majina ya zana za tanga mengi yamekopwa kutoka kwa wanabahari wa Uarabuni na Uajemi, lakini vitenzi vya ufungaji ni vya Kibantu: funga, fungua, kaza, legeza, tata, tatua. Navyo ndivyo vilivyozaa zaidi. Kutokana na tata tumepata tatiza, tatizo na utatuzi. Kutokana na funga tumepata fungamana, na siasa ya nchi zisizofungamana na upande wowote. Anayesema 'tumetatua tatizo' anazungumza lugha ya msokota kamba, ajapokuwa hajui.

Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991, kivuko kikakoma. Nailoni nayo imechukua mahali pa usumba. Kazi ikitoweka, neno hubaki kamusini, kama katika kamusi za Johnson na Sacleux za mwaka 1939, lakini halina msemaji.

Basi sisi tuundao istilahi tuna wajibu wa kwenda ufuoni kabla ya kwenda Ulaya. Lugha iliyoweza kutofautisha henza na jarari haikosi uwezo wa kutaja sehemu za mtambo. Inachokosa ni wa kuiuliza.